Mtamba wa Patron

Uligeuza uso, usinikatalie. Ulipita njia ile ya mashamba nje ya Louisville ukiwahi harusi, ukaziona trela za kuishi watu zilizopangwa nyuma ya zizi, nguo za watoto zimeanikwa kwenye seng'enge, ukapandisha kioo kwa sababu ya harufu ya samadi. Maziwa ya chai yako yalitoka pale. Sasa shusha kioo usikilize.

Katika trela ya mwisho alikaa Ngarambe, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, na mkewe Dorcas na watoto. Kazi yake ilikuwa kukamua. Nyumba ilikuwa ya mwenye shamba, kama ng'ombe walivyokuwa wake, na barabara, na bomba la maji. Ukiwa kazini una nyumba, ukitoka kazini huna. Wakongomani walimwita mwenye shamba huyo Patron, na Waguatemala waliokamua pamoja nao walimwita hivyo hivyo, kila mmoja kwa lugha ya bwana wake wa zamani.

Siku moja Patron alimkuta Ngarambe akimzalisha ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, mkono umezama mpaka begani, anamwimbia polepole kwa lugha ya kwao. Ndama akatoka hai, jike, mwenye paji jeupe. Patron akacheka, akampiga Ngarambe mgongoni, akasema huyu ni wako.

Ngarambe hakucheka. Kwao milimani mtu hakupi ng'ombe hivi hivi. Akikupa, amekufanya wake: mtaoleana, mtazikana, na siku ya vita atasimama mlangoni kwako. Alirudi ndani akamwambia mkewe waisahau safari waliyokuwa wakiipanga, ya kuhamia mji wa Columbus kwa ndugu zao wa kitongoji cha Hilliard.

“Bon, mama Mizero, sisi tumefika,” alisema. “Mutu mwenye kukupa ngombe hawezi tena kukufukuza.”

“Na ule muzungu anajua ile?” Dorcas akauliza. “Ao unaijua we peke yako?”

Aliyezijua vizuri zaidi zawadi za mabwana alikuwa Eulalio, Mguatemala aliyekamua naye zamu moja. Walielewana kwa Kiingereza cha kazini, maneno machache na mikono mingi. Eulalio alizaliwa ndani ya shamba la kahawa la bwana mmoja. Kwao huita finka: milima mizima ni ya mtu mmoja, na waliomo wamepewa kibanda na kipande cha kupandia mahindi ili wamchumie. Babu alichuma, baba akachuma. Bwana huyo ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa Eulalio. Alimshika juu ya maji, akanunua mishumaa, akamwita baba yake ndugu. Kisha bei ya kahawa ikaanguka, na watu wakaanza kunong'ona kwamba waliotumika umri wao wote wana haki zao. Bwana akang'oa mibuni akaweka ng'ombe, maana ng'ombe wanatosheka na wachungaji wachache na hawadai kitu. Familia zikateremka mlimani na mabati ya paa migongoni, na ndugu wa ubatizo amesimama barazani anakunywa kahawa.

“Na wewe umebatizwa, rafiki,” Eulalio alimwambia, akimwonyesha ndama kwa kidevu.

Baridi ilipoisha, wapima ardhi walionekana malishoni wakipigilia vigingi vyenye utepe wa rangi ya chungwa, dalili kwamba shamba linauzwa. Eulalio akawakusanya wote nyuma ya zizi. Shauri lake lilikuwa moja: Jumatatu asikamue mtu, mpaka Patron aahidi mbele ya wote, mchungaji wa kanisa akisikia, kwamba hatamtoa mtu nyumbani kabla shule hazijafungwa. Ng'ombe wa maziwa hawangoji. Hiyo ndiyo nguvu pekee waliyokuwa nayo, na haikuwa ndogo. Wakongomani wote wakamtazama Ngarambe.

Jumatatu alfajiri ng'ombe walianza kulia. Wewe hukijui kilio hicho. Ngarambe alikijua kabla hajajua kusoma. Viwele vimejaa, maziwa yanajidondokea sakafuni. Akajiuliza atamwaibishaje mtu aliyempa ng'ombe. Akavuta mabuti yake. Dorcas alikuwa amesimama mlangoni.

“Kama unaenda, batakufuata bote,” alimwambia.

Akaenda, wakamfuata wote. Patron aliwaletea mikate ya sukari. Kabla ya saa sita mchana godoro la Eulalio lilikuwa nje kwenye majani.

Na shule hazijafungwa bado, malori yakaja kubeba ng'ombe, maana shamba limeuzwa. Ngarambe alishika kamba ya mtamba wake wa paji jeupe, akasema huyu hapandi lori. Patron hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma. Ilibidi kwanza akumbuke ni ndama gani. Kisha akacheka, kicheko kile kile.

“Yule? Nilikuwa nakutania tu, rafiki. Na ungemweka wapi?”

Akaichukua kamba mkononi mwake taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Leo pale pamesimama ghala. Ngarambe yuko Columbus anasukuma maboksi katika ghala jingine, na akisikia mashine inalia huziba masikio. Eulalio anakamua nje ya Buffalo, na vigingi vya utepe wa chungwa vimemfuata huko huko. Jumatatu hii yeye na wenzake hawakamui. Patron wa huko naye ameshatuma watu wake kutafuta wa kukamua badala yao, kwa Wakongomani wa Lackawanna, mji wa jirani: Jumapili baada ya ibada kutakuwa na vani ya kuwachukua nje ya kanisa, kuna kazi, kuna nyumba.

Eulalio alimpigia simu Ngarambe, mara ya kwanza tangu godoro lile. Hakumtukana.

“Watu wako wanapenda ng'ombe,” alisema. “Njoo uwaambie.”

Ngarambe aliacha zamu yake, na sasa wako njiani, Dorcas akishika usukani. Atasimama kwenye mlango wa vani. Mlango ule ni mpana, na yeye ni mmoja.

Basi wewe uliyepandisha kioo, Jumapili hii nenda ukasimame naye. Na kama umeshaahidiwa trela na ndama, umeshakaa kwenye kiti cha vani, unasoma haya kwenye simu huku dereva akingoja wengine, fungua mlango ushuke. Shuka sasa hivi.