Niandike Nimesimama

Mzee Mbio, fundi wa mabango, alikuwa na mwandiko mmoja tu duniani: herufi nene, zisizo na vimkia wala madoido, zote zimelalia mbele kama mtu anayepanda kilima. Na kwa mwandiko huo, jamani, hakuwa na mpinzani. Duka la matairi, sabuni mpya, mechi ya Jumapili, punguzo la bei, yote yalipita mkononi mwake. Bango lake unajikuta umeshalisoma kabla hujakusudia. Jina la utani alilipata hapo hapo.

Mkewe hakuyapenda mabango hayo. Mwanamke yule hakuwahi kuharakishwa na mtu. Hata maji jikoni yalichemka kwa ruhusa yake. "Herufi zako zinapiga kelele," alimwambia. "Nikifa, kibao changu uandike kwa mkono wako, lakini niandike nimesimama. Nisionekane nauzwa."

Fundi akacheka, akaahidi. Ahadi za namna hiyo ni nyepesi. Nani huamini mkewe atatangulia?

Akatangulia.

Fundi alijifungia karakanani na ubao. Akapiga mistari ya wima kwa rula, safi kabisa, kisha brashi ikashuka na mkono ukalala. Akafuta kwa msasa, akaanza upya. Herufi ya kwanza ikasimama kwa tabu, ya pili ikalala, zote mbili zikawa kama walevi wanaoshikana. Akafuta tena. Mkono uliokimbia tangu ujana hauambiwi tulia siku ya msiba ukasikia.

Binti yake akaja mlangoni. "Baba, twende kwa yule wa kompyuta. Atazichapa zimesimama, mara moja tu."

"Alisema mkono wangu."

"Mama ataelewa."

"Mama yako? Lini alielewa jambo la haraka?"

Walikaribia kucheka. Kisha binti akalia, na baba mtu akaushika tena msasa.

Mwishowe ubao ukawa mwembamba kwa msasa, na mazishi hayasubiri. Akaandika alivyojua. Ndilo lililokuwa bango zuri kuliko yote ya maisha yake, na alitamani kulichoma moto.

Waombolezaji walipotawanyika makaburini, alibaki peke yake. Akakishika kibao, akakisukuma kuelekea kushoto, kidogo kidogo, mpaka herufi zikasimama wima. Ubao uliegama, ndiyo, lakini jina lilisimama. "Haya, mke wangu," alisema. "Umesimama." Siku hiyo alipata usingizi.

Asubuhi alirudi, akamkuta mchimba makaburi ananawa mikono, saruji bado kwenye kucha.

"Mzee, nimekuta kibao cha mama kinaanguka. Nikasema hapana, huyu mzee ana msiba, nitamsaidia. Nimekinyoosha, nikatia na zege. Hakitikisiki tena hicho."

Fundi akakishika. Kweli hakikutikisika. Jina la mkewe lilikuwa linakimbia, linanadiwa kwa kila mpita njia, na lingeendelea hivyo hata yeye mwenyewe akishazikwa. Akatafuta hasira, akaikosa. Kijana yule alikuwa anamtazama kwa huruma tupu.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Umefanya kazi nzuri."

Kijana akaenda zake. Mzee Mbio akabaki mbele ya kaburi, amelaza kichwa kwenye bega la kulia ili jina lisimame, mpaka shingo ikamuuma.