Kitanda Kando ya Pisina

Bibi Atija alikata roho alfajiri. Maji ya majani ya mkunazi yakachemshwa, waoshaji wakapandisha mikono ya magauni yao, na kitanda hakipo. Kitanda cha kuoshea maiti! Mwanaasha, fundi wa viti vya fibra pale Olumbi, alisimama mlangoni mwa stoo ya msikiti asiamini macho yake.

Kitanda kile alikiumba mwenyewe. Alirundika mchanga mbichi, akaupapasa kwa viganja mpaka ukatoa umbo alilolitaka: kibonde cha kisogo, mbonyeo wa mgongo, mfereji wa kupeleka maji miguuni. Juu yake akalaza fibra, kitambaa cha nyuzi za kioo, na kuimwagia resina, gundi yake, ikakauka bila kona hata moja ya kumuumiza mtu. Akakitoa wakfu kwa wanawake wa mtaani.

"Nimekiazimisha tu, dada," alisema Bashiru, mtunza msikiti, akitazama chini. "Dona Lurdes alikipenda kwa wageni wake. Nikaona muda wote huu hajafa mtu, kimekaa bure."

"Wakfu unaazimishwa, Bashiru? Ulitaka tufe kwa zamu ili kisikae bure?"

Akamvuta mpaka kwenye gari la jirani, wakaenda nyumba ya wageni ya Dona Lurdes. Kitanda kilikuwa kando ya pisina, bwawa la kuogelea. Mgeni mmoja, mwanamke kutoka Dar, alikuwa amejilaza juu yake chali, miwani ya jua usoni, juisi mkononi, na mafuta aliyojipaka yanatiririka kwenye mfereji ule ule. Mwanaasha akamsogelea.

"Dada, inuka."

Dona Lurdes akaja mbio. "Kumbe artista mwenyewe! Wageni wanakigombania hiki, amiga. Nitengenezee na vingine."

"Nakitaka hiki hiki. Sasa hivi."

"Mwache apumzike kwanza. Anasema hajapata kulala mahali panapomkaa mwilini namna hii."

"Lazima pamkae. Hapo ndipo tunapooshea maiti."

Dona Lurdes akacheka, akidhani ni utani. Yule mgeni akamtazama Bashiru, akamwona hacheki, akaruka na juisi ikamwagika.

Mwanaasha akaomba sabuni. Akapiga magoti mbele yao wote, akaanza kusugua.

"Kitasafishwa nyumbani, dada, tunachelewa," Bashiru alinong'ona.

"Kinaoshwa hapa hapa, wakiona. Bibi Atija hajapata kulalia jasho la mtu maisha yake yote, na leo hana mdomo wa kukataa."