Ning Yenye Moyo

Baba yangu, Qiu Yongning, alikufa baada ya miezi minane kitandani. Miezi yote hiyo ni mimi niliyemgeuza, niliyemwogesha, niliyemlisha uji. Mimi na mama tulipofika kwa mchonga mawe ya makaburi, nilitaka jambo moja tu: yaishe.

Fundi Gong, mwanamke mwenye vumbi la mawe hadi kwenye kope, alisoma karatasi yangu. "Hii herufi Ning ya jina lake, mnataka ya zamani au ya sasa?"

"Yoyote, dada. Chonga tu."

"Mdogo wangu, jiwe halifutiki." Akachukua chaki, akaziandika herufi zote mbili za Kichina sakafuni. "Maana ni ileile, utulivu. Ya zamani ina paa. Chini ya paa, moyo. Chini ya moyo, bakuli, na chini kabisa hiki kama msumari. Mtu yuko kwake, ameshiba, hana wasiwasi. Serikali iliporahisisha herufi, ikaondoa moyo na bakuli. Limebaki paa na msumari."

Mama alicheka kicheko kikavu. "Basi ya sasa ndiyo yake. Miaka thelathini anajenga madaraja mikoa ya watu, mwaka mpya anatuletea siku sita. Moyo gani? Bakuli gani?"

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie! Kwani nimesema uongo?"

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilijiketisha juu ya jiwe lililokuwa bado halijachongwa, na maneno yakanitoka yenyewe.

"Kila jioni alikuwa anauliza kama umekula."

"Nani?"

"Baba. Hata sauti ilipokwisha, alikuwa ananyoosha kidole kuelekea chumbani kwako, halafu anagusa mdomo wake. Mpaka nimwambie umekula, ndipo naye afungue kinywa."

Mama alinigeukia. Katika miezi yote ile hakuwa amekaa naye hata jioni moja.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nimechoka, Mama. Na nilikuwa nimewakasirikia nyote wawili."

Alifuta pua kwa kiganja, akamgeukia fundi. "Chonga ya zamani. Lakini usidhani nimemsamehe."

"Hayo sichongi, mama," alisema Fundi Gong, akaanza kupima jiwe.

Njiani mama alinipokonya mfuko niliokuwa nimebeba, akaubeba mwenyewe. Tulipofika nyumbani nililala na viatu miguuni, tangu adhuhuri hadi asubuhi ya siku iliyofuata, na hakuna aliyeniamsha.