Ngazi Nne za Bima

Bima ya afya ingelipia sindano za ugonjwa wa misuli za binti mmoja mdogo iwapo tu angeshindwa kupanda ngazi nne mbele ya karani. Njiani mama yake alimsihi, "Leo usijikaze, mwanangu. Ukichoka, kaa."

Karani alikuwa mcheshi. "Haya bibie, miguu inauma kweli au ni uvivu tu?"

"Mimi si mvivu," mtoto akasema.

Mama alifungua kinywa.

"Mama, usimfundishe," karani akamkata kauli.

Mtoto akajikaza kisabuni, akiukumbatia ukuta, akafika juu akitweta. Karani akampigia makofi, akaandika: anapanda.

Kushuka hakuweza. Alisimama miguu ikimtetemeka mpaka mama akapanda kumbeba.

"Si umemwona, kaka yangu?" mama akauliza.

"Fomu haiulizi kushuka. Akizidiwa, mlete."