Majina Matatu kwa Mjane wa Marzun

Bwana Anselmo alipoingia na waraka wa mfalme, nilikuwa nimeloweka miguu kwenye maji ya chumvi, na sikuitoa.

"Haya, nani na nani safari hii?" nikamuuliza.

"Bi Mkubwa, hata hujanikaribisha."

"Karibu. Nani na nani?"

Huku kwetu Galilaya mambo ndiyo hayo. Ukoo wetu unalinda kivuko cha mto, na mwenye ngome ya Marzun lazima ampelekee mfalme wapanda farasi wanne, yeye mwenyewe akiwatangulia. Mwanamke haendi vitani, basi akirithi ngome au akifiwa na mume, huletewa majina ya wanaume watatu achague mmoja. Nimeshachagua mara tatu. Wote nimewazika chini ya sakafu ya kanisa, na kusema kweli nimechoka kuchagua na nimechoka kuzika.

Anselmo akasoma. Gerolfo, mzee mwenye kikohozi. Tankredo, ambaye mbwa wake wakimwona hujificha. Na kijana mmoja aliyeshuka melini juzi kutoka Ufaransa, ambaye jua letu halijamfundisha adabu bado.

"Rudi nayo," nikasema. "Sheria inasema mjane akifika miaka sitini haozwi tena. Nimefika."

Mjukuu wangu Eskiva, mtoto pekee aliyeachwa na marehemu mwanangu, alikuwa dirishani akichambua dengu. Akacheka. "Bibi, jana si ulisema una mia?"

"Nyamaza, mke mwenzangu."

Anselmo akajikuna kidevu. "Kitabu cha kanisa kinasema hamsini na nne."

Ni kweli kinasema hivyo. Nilipofiwa mara ya pili, ami yangu Rohardi aliona nimezeeka mno kuletewa wanaume wa maana, akanipunguzia miaka sita. Nikaweka mkono juu ya Injili nikaapa. Kwa hesabu ile, harusi yangu ya kwanza nilikuwa na miaka saba! Lakini mashahidi wa harusi ile walikuwa kaburini, na mwenye uchu wa ngome hahesabu.

"Basi niliapa uongo," nikasema. "Andika."

"Mwapa uongo hana tena sauti barazani, Bi Mkubwa. Ngome itakutoka iende kwa mrithi wako."

"Na iende!"

Msinione mwehu, nilifurahi. Masista wa Bethania wamenitengea chumba chenye kitanda kimoja, cha mtu mmoja. Nilishaanza kuusikia usingizi wake mwilini. Nikatoa miguu majini.

Anselmo akachovya kalamu. Si mtu mbaya, naye alikuwa na vumbi la siku mbili kichwani. "Mrithi ni nani?"

"Mimi," akasema Eskiva, kifua mbele.

"Una miaka mingapi, binti?"

"Kumi na miwili, tangu Pasaka."

Anselmo akaangalia waraka, hakumwangalia mtoto. "Kumi na miwili inatosha kisheria," akasema taratibu. "Majina yatakuwa haya haya."

Eskiva akacheka tena, akidhani anataniwa. Sheria ile naijua kuliko sala zangu. Nilikuwa nimeisahau kwa sababu nilitaka kuisahau, na aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mume wangu wa kwanza alikuwa na miaka arobaini na miwili, mimi kumi na mitatu. Kwenye karamu ya harusi nilikaa nikihesabu meno yake kila alipotafuna, maana sikujua la kumwambia. Usiku ule nililia, na hakuna aliyekuja.

Nikibaki na ngome mpaka kitabu kinipe sitini, Eskiva atakuwa na miaka kumi na minane, mtu mzima wa kuwatazama wanaume watatu usoni. Nilichotakiwa ni kutokufa kabla ya hapo.

"Umeshaandika?" nikauliza.

"Bado. Wino wenu mzito."

"Basi andika hamsini na nne. Na Gerolfo, yule wa kikohozi."

"Una hakika na huo umri, Bi Mkubwa?"

"Si niliapa?"

Akaandika haraka, kama mtu anayeogopa nitabadili nia. Eskiva akaacha dengu zake, akaja kusimama mbele yangu.

"Lakini bibi, si umesema umechoka?"

"Nimechoka, mke mwenzangu. Niletee viatu."