Mbwa wa Chungu Kimoja

Maumivu yakitoka katika nyonga ya mbwa, huenda wapi? Sabina, mtunza mbwa wa ulinzi, hakuwa amejiuliza hilo asubuhi ile alipochuchumaa kwenye geti la kiwanda cha minofu ya sangara, akificha kidonge ndani ya tonge la ugali. Dawa ile ya kutuliza uvimbe huchubua tumbo tupu. Daktari Nkwabi, aliyepunguzwa kazi serikalini akafungua duka la dawa za mifugo mtaani Mabatini, alikuwa amemwagiza asimpe mbwa kidonge bila chakula. Kiwanda hakikutoa chakula. Sabina alichota tonge katika chungu cha nyumbani.

Mbwa huyo, Chui, alikuwa mzee. Alikaa ameutupa mguu wa kushoto pembeni, na kila alipojaribu kuinuka, nyonga ilimfanya angurume. Baada ya siku chache za dawa aliinuka bila sauti, akawafukuza akina mama waliokuja uzioni kuokota mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishapelekwa Ulaya kwa ndege.

Jioni Sabina alimkuta mama yake, Teodora, mkekani, mguu wa kushoto ameutupa pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinishike nyonga. Inanguruma."

Sabina akatega sikio. Ilinguruma kweli, kwa sauti aliyoifahamu.

Jirani yao Akeyo aliingia na beseni tupu, akasikiliza naye, kisha akaketi.

"Mbwa mmempa ugali wenu?"

"Ndiyo," Sabina akajibu.

"Na ukoko alikwangua nani?"

"Mimi," Teodora akasema. "Kwani nani mwingine hukwangua humu?"

"Basi mmekula chungu kimoja, na mkwangua ukoko ndiye mpokeaji wa maumivu yake. Mbwa ni wa chungu alichokula mwisho." Akeyo akalipindua beseni lake. "Ila huyo mwanao mpya ana meno, Teodora. Amenikimbiza hadi barabarani."

Kesho yake Sabina hakumpa Chui dawa. Teodora akaamka, akafagia uwanja. Chui hakuamka. Bwana Masalu, meneja, alikuja kumtazama.

"Asiposimama kesho, atapigwa risasi."

Sabina akamwomba ugali wa mbwa utoke kwenye chungu chake yeye meneja.

"Mimi nakula hotelini, binti. Chungu sina."

Ilikuwa kweli. Sabina alirudi nyumbani akiwaza kwamba njia iliyopitisha maumivu ingeweza kupitisha na risasi. Alimtazama mama yake akiinama kuchochea moto, akaona ni mahali gani ingeingilia.

Kwao, binti hutenga jiko akiolewa, au akifukuzwa. Sabina alipanga mafiga matatu nyuma ya nyumba, akateleka chungu kipya. Teodora aliyaona, akaendelea kuchochea moto wake. Akeyo alikuja na beseni lake, akasimama kati ya majiko mawili.

"Kwa hiyo huyo mbwa atatufukuza tena?"

"Atawafukuza," Sabina akasema. Kisha akamgeukia mama yake. "Kuanzia kesho Chui atakula dawa kwa ugali wa chungu changu, na ukoko nitakwangua mimi. Mama, chako usinionjeshe, na changu usikiguse."