Soli Safi za Chiriku

Mume wangu ni fundi viatu, na fundi viatu haamini mdomo wa mtu mpaka aone soli yake. Jioni moja alikigeuza kiatu cha binti yetu, akapitisha kidole gumba, akakunja uso.

"Mama Chiriku, mtoto huyu hachezi nje."

Chiriku tulimpa jina hilo kwa sababu haishiwi maneno. Ana miaka minne, na chekechea anaipenda kufa. Siku za mapumziko hulia akitaka kwenda. Mwalimu alishatueleza utaratibu: asubuhi wanacheza ndani, vitofali na rangi, na baada ya chai wanatoka uwanjani mpaka wachoke. Sasa mbona viatu vya wenzake vinaletwa kwa mume wangu vimelika puani, na vya kwetu vinang'aa kama vimetoka kwenye boksi leo?

"Wanawafungia ndani," mume wangu akasema. "Basi, simpeleki tena."

Nilimuuliza mtoto. Chiriku, anayesimulia hata ndoto za paka, akafumba mdomo. Hapo ndipo hamu ya kujua iliponishika kweli kweli.

"Hatoki mtu pale," nikamwambia mume wangu, "mpaka tukaone kwa macho yetu."

Usiku ule mvua ilinyesha. Kesho yake tulifika saa ya kucheza nje, tukachungulia juu ya ua. Uwanja ulijaa watoto, tope mpaka magotini, kelele usiseme. Mume wangu akanitazama; kumbe hawafungiwi. Lakini Chiriku hakuwa kati yao. Alikaa mlangoni peke yake, miguu kaikunja isiguse chini, akiwatazama wenzake kwa uchu.

Mwalimu alituona, akaja. "Afadhali mmekuja. Ndani anacheza vizuri, anajenga maghorofa. Nikimwita nje, hataki. Peku siruhusu, kuna miiba. Nimembembeleza mpaka basi. Anasema viatu hivi kavishona baba, vikichafuka baba moyo utamuuma."

Nilimgeukia fundi wangu. Ni kweli, kila asubuhi akimfunga kamba humwambia maneno hayo hayo, kwa utani, na kwa kujivunia kazi ya mikono yake. Nilikuwa na ya kumwambia, tena ya moto. Nilipoona anavyopepesa macho, nikayameza.

Akasukuma geti, akapita katikati ya tope na viatu vyake vya kutokea, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Twende tukavichafue."

"Na moyo wako?"

"Umeniuma nilipokuona umekaa hapa."

Chiriku akateremsha mguu mmoja. Tope likafunika kiatu mpaka kwenye kamba. Hakuliangalia; alimkazia macho baba yake usoni, akichunguza.

"Unauma?"

"Hauumi, mama."

Akateremsha wa pili.